Baraza la Waarabu wa Unyanyembe na Shauri la Njia, 1852–1893

Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilikutana kwa mara ya kwanza katika Dar es Salaam mwezi wa Desemba 1926, na waandishi wa historia kwa kawaida huanzia hapo watakapo kueleza jinsi nchi ilivyopata kutungiwa sheria kwa maneno ya watu walioketi pamoja. Chini ya Wajerumani karne ya kumi na tisa ilikwisha pasipo baraza la namna hiyo katika nchi yenyewe. Sheria ya fedha iliyowatia Wajerumani bara kwa silaha, yaani ile iliyotoa maki milioni 2 kwa ajili ya vita vya Hermann Wissmann, ilipitishwa na Bunge la Berlin mwezi wa Januari 1889, na humo hakuwamo mtu hata mmoja wa nchi iliyokuwa ikisemwa.

Walakini miaka zaidi ya thelathini kabla ya hapo, katika nyumba za udongo za Kazeh, mahali ambapo baadaye palijulikana kwa jina la Tabora, lilikuwako baraza lililokataa kodi ya mwenye nchi, likamwondoa mtemi na kumweka mwingine, likapiga vita na kufanya suluhu, na mwishowe likakubali bendera ya wageni. Waliokaa barazani walikuwa walowezi na nchi haikuwa yao. Kwa maana hiyo lilikuwa baraza la kikoloni pasipo jina hilo. Jambo linalotaka kuelezwa ni hili: jinsi gani kundi la watu waliojadiliana kwa werevu mwingi, nao wakijuana kwa nasaba na kwa biashara, waliweza kukata mashauri makubwa hivyo na wasiweze kuyatimiza.

Yafaa kuanza kwa neno lenyewe. Asili ya baraza katika Kiswahili ni kile kibao cha udongo au mawe kilicho mbele ya nyumba, ambapo mwenye nyumba hupokea wageni wasiohitaji kuingia ndani. Maana ya mkutano wa wakubwa imezaliwa na maana hiyo ya kwanza, wala haikuifukuza. Katika Unyanyembe maana zote mbili zilikuwa kitu kimoja. Waarabu walijenga tembe za kuta nene na paa la bapa, kwa mfano wa nyumba za wenyeji lakini kubwa zaidi, na mbele yake wakaweka ukumbi wenye vibao vya kukalia. Hapo ndipo palipokuwa na kahawa, habari za pwani, na shauri. Hapakuwa na jumba lililotengwa kwa kazi hiyo. Baraza lilikuwa kwa fulani leo na kwa fulani kesho, na aliyeliita alikuwa na desturi ya kulilisha.

Richard Burton alifika Kazeh tarehe 7 Novemba 1857, baada ya safari ya siku 134 kutoka pwani, akapokewa na Snay bin Amir, Mharthi aliyekuwa mkubwa wa wafanyabiashara wa mahali hapo. Kwa habari alizopewa, Waarabu walikuwa wamehamia Kazeh yapata mwaka wa 1852. Aliona pia jambo ambalo latosha kueleza nusu ya historia iliyofuata: idadi yao ilikuwa ndogo sana, mara chache ikizidi watu 25, na wakati wa misafara au wa vita wakabaki watatu au wanne tu. Akasema kwa maneno yake kwamba nguvu zao zilikuwa nyingi mno kwa kusalimu amri na chache mno kwa kushinda. Kila mmoja alikuwa na watumwa na watumishi wenye bunduki, kwa hiyo kila aliyeketi barazani alikuwa na jeshi lake mlangoni.

Ni nani basi waliokaa? Waarabu wa Oman na wa Unguja kwanza, na pamoja nao watu wa Mrima wenye mali. Mhindi Musa Mzuri, ambaye alitangulia karibu wote katika nchi ile, alisikizwa kwa ukongwe wake na kwa ghala yake. Wanyamwezi hawakukaa, ijapokuwa wapagazi walikuwa wao na chakula kilikuwa chao. Hata hivyo si kweli kwamba kuta za tembe zilitenga kila kitu. Muhammad bin Juma, baba yake Tippu Tip, alikaa karibu na Tabora naye alimwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira, kama mwanawe alivyoeleza katika kitabu cha maisha yake. Ndoa ya namna hiyo ilikuwa na uzito barazani kuliko hoja nyingi, kwa sababu mkwe wa mtemi aliweza kuipeleka habari ikulu kabla ya kahawa kupoa.

Huko ikulu nako kulikuwa na baraza, na mara nyingi lasahauliwa. Mtemi wa Unyanyembe hakuamua peke yake. Alikuwa na wazee wake, wanyamphala, ambao walimshauri, walihukumu, na alipofariki walikuwa na neno katika kumchagua atakayerithi. Na chini yake wanangwa walitawala vijiji. (Neno mnyapara katika Kiswahili cha njia ya misafara, na baadaye katika kazi za mashamba na barabara, yaelekea limetoka hapo. Mzee wa baraza amekuwa msimamizi wa kazi, na mabadiliko hayo ya maana ni historia fupi ya karne nzima.) Kwa hiyo katika Unyanyembe yalikuwako mabaraza mawili, umbali wa matembezi ya saa chache, na swali lililoyagonganisha lilikuwa moja: ni nani mwenye haki ya kusema njia itatozwa kiasi gani?

Kodi ya njia iliitwa hongo. Wasafiri wa Kizungu walizoea kuiandika kama unyang'anyi, na wafanyabiashara walipenda kuwasaidia katika fikira hiyo. Lakini mtemi aliyetoza hongo alitoa kitu mbadala: maji, soko, usalama wa mizigo iliyolala, na hukumu kwa mpagazi aliyetoroka. Fundikira aliishi na Waarabu kwa mapatano, wakimpa zawadi naye akiwaachia nafasi. Alipofariki, karibu na mwaka wa 1859, alirithiwa na Mnwa Sele, ambaye alitaka kodi ilipwe juu ya mali yote iingiayo nchini. Kwa upande wa sheria hapakuwa na ajabu. Sultani wa Unguja alifanya vivyo hivyo katika forodha zake, na Waarabu hao hao walilipa huko pasipo kushika bunduki. Jipya lilikuwa kwamba mtoza kodi sasa ni mtu ambaye walikwisha kujizoeza kumwona kama mwenyeji wao.

Baraza la Kazeh lilikataa. Halikuishia katika kukataa, bali liliamua kwamba Mnwa Sele si mtemi, na kwamba Mkasiwa, mtu wa ukoo huo huo wa utawala, ndiye mtemi. Uamuzi huo ndio ulio karibu zaidi na sheria katika yote yaliyopitishwa kwenye vibao vile, kwa kuwa uligusa asili ya mamlaka yenyewe. Na ubaya wake ulionekana mara. Mnwa Sele alitoka na watu wake akaishika njia. John Hanning Speke aliporudi Kazeh mwanzoni mwa 1861 alikuta misafara imesimama, bei imepanda, na wakubwa wakitafuta mtu wa kuwapatanisha. Mnwa Sele alikuwa amekwisha onana naye njiani na kumweleza kisa chake: alitoza kodi kama mwenye nchi, wageni wakamfukuza. Musa alikuwa miongoni mwa waliotaka suluhu. Mazungumzo yalifanywa, lakini yakakwama mahali ambapo hayangekosa kukwama, maana Mnwa Sele alidai nchi yake, na baraza halikuweza kumrudisha pasipo kumtupa Mkasiwa waliyemweka wenyewe. Katika mwaka uo huo Snay bin Amir aliuawa katika vita hivyo, mbali na nyumba yake, na Musa naye akafariki. Mnwa Sele aliuawa mwaka wa 1865. Vita vya miaka mitano vilikuwa vimelipiwa gharama iliyozidi kodi iliyokataliwa. Wala hapana shaka kwamba wengi wa waliokaa barazani, watu wa hesabu, waliweza kuliona hilo.

Mbona basi waliendelea? Hapa yafaa kuacha mambo ya vita na kutazama daftari. Mfanyabiashara wa Unyanyembe kwa kawaida hakuwa na mtaji wake mwenyewe. Alichukua nguo, shanga, waya na baruti kwa matajiri wa Kihindi katika Unguja, kwa mkopo ulioitwa mali kauli, naye alipaswa kurudisha thamani yake kwa pembe, baada ya miaka miwili au mitatu. Forodha ya Sultani ilikodishwa. Kwa miaka mingi tangu miaka ya 1830 ilikuwa mikononi mwa nyumba ya Jairam Shivji, na katika 1876 ikashikwa na Taria Topan. Ushuru wa pembe za Unyamwezi ulitolewa pwani. Maana yake ni kwamba fedha zote zilizozalishwa na njia ya Tabora ziliishia Unguja, na Tabora yenyewe haikuwa na hazina hata ya kununua pipa moja la baruti la shirika. Baraza lilipoamua vita, kila mtu alileta watu wake, risasi zake na chakula chake, akaviondoa alipopenda. Na mtu mwenye deni hawezi kusubiri. Mwaka mmoja wa amani ya kujadiliana ulikuwa mwaka mmoja wa faida ya mkopo. Afadhali vita vya mwezi mmoja vitakavyofungua njia. Kila mara walidhani vitakuwa vya mwezi mmoja.

Bunge la Berlin lilipotaka vita katika 1889 lilipiga kura ya fedha, na wabunge waliopinga walilipiwa pamoja na waliokubali. Katika Unyanyembe aliyepinga alikaa tu nyumbani. Hiyo ndiyo tofauti, nayo ni kubwa kuliko tofauti ya elimu au ya dini ambayo waandishi wa zamani waliipenda. Desturi ya shauri, ambayo jina lake ni lile lisikikalo pia ndani ya neno halmashauri, ilikuwa kusema mpaka wote waafikiane. Kura haikuhesabiwa. Wachache walioshindwa kwa maneno hawakushurutishwa, maana hapakuwa na wa kuwashurutisha.

Ni kweli kwamba alikuwako liwali. Said bin Salim, ambaye aliwahi kuongoza msafara wa Burton na baadaye akaanza safari ya pili na Speke, alibaki Unyanyembe kwa ugonjwa, kisha akawa liwali kwa amri ya Sultani. Alikuwa na bendera na barua. Lakini barua ya swali kutoka Tabora na jawabu lake zilichukua nusu mwaka, na pengine zaidi. Mara nyingi liwali alikuwa mtu mmoja barazani, mwenye kiti cha heshima, na maneno yake yalikuwa na uzito wa tabia yake tu.

Haya yote yalionekana wazi katika mwaka wa 1871. Mirambo wa Urambo, aliyeunganisha tawala ndogo za magharibi kwa nguvu za rugaruga wake, alikuwa ameishika njia ya Ujiji. Kisa kilichosimuliwa na Henry Morton Stanley, aliyefika mwezi wa Juni, ni kwamba msafara mmoja ulitozwa vipipa vitano vya baruti, bunduki tano na marobota matano ya nguo, kisha ukaambiwa urudi ulikotoka. Baraza likakutana Tabora. Said bin Salim alikuwapo, pamoja na Sheikh bin Nasibu, Thani bin Abdallah, na Khamis bin Abdallah, mtu wa vita, ambaye alisema kwa ukali kwamba hapana kupumzika mpaka Mirambo ashindwe. Maneno yake yakawashinda wote, na Stanley mwenyewe akajitia katika shauri lisilomhusu. Jeshi lilihesabiwa kuwa zaidi ya watu 2,000. Kwa macho ya baraza lilikuwa jeshi moja. Kwa kweli lilikuwa nyumba nyingi zilizotembea pamoja.

Mapema Agosti walichoma vijiji kadhaa. Soud bin Said aliuteka Wilyankuru, na aliporudi na nyara na pembe Mirambo akamvizia katika majani akamwua pamoja na wengi wa watu wake. Habari ilipofika kambini hapakuitwa baraza lingine. Usiku ule na kesho yake kila bwana aliwachukua watu wake akarudi. Tarehe 22 Agosti Mirambo aliingia Tabora yenyewe. Khamis bin Abdallah, aliyesema kwa ukali kuliko wote, ndiye karibu peke yake aliyetoka kupigana, na watu wachache, akaachwa akauawa. Wenzake walikuwa ndani ya tembe zao, milango imefungwa, wakiutazama moshi. Haki yataka isemwe kwamba Khamis aliitii sheria aliyoitunga. Katika historia yote ya baraza hilo ni vigumu kumpata wa pili.

Sultani Barghash alituma askari kutoka pwani, nao wakakaa kwa gharama kubwa pasipo kumshinda Mirambo, na amani ikapatikana polepole baada ya 1875, zaidi kwa sababu pande zote zilichoka. Mirambo alitaka biashara. Hilo lilisahauliwa katika vita. Alipofariki katika Desemba 1884 njia ilikuwa imekwisha funguliwa kwa muda mrefu, naye alikuwa akitoza hongo yake, na Waarabu walikuwa wakilipa.

Baada ya kushindwa na maadui wa nje, baraza liligeukia ndani. Katika 1878 Said bin Salim alitolewa na wafanyabiashara wenziwe, wakisaidiwa na kibali cha Unguja kilichokuja baadaye kama vibali vyote. Akahamia Uyui, akafa huko mwaka uliofuata. Mahali pake palishikwa na Abdallah bin Nasibu, ambaye Wanyamwezi walimwita Kisesa, na huyo naye akaitwa pwani baada ya miaka michache. Wakati huo Mtemi Isike, aliyemrithi Mkasiwa, aliyafanya yale ambayo Mnwa Sele aliyajaribu: alidai kodi yake, akajenga boma imara, akanunua bunduki. Baraza lililomwondoa mtemi katika 1860 halikuthubutu kulifikiri jambo hilo katika 1885.

Tarehe 1 Novemba 1886 Uingereza na Ujerumani zilipatana kwamba milki ya Sultani katika bara ni ukanda wa maili kumi za pwani. Tabora ikawa nje ya bendera iliyopepea juu ya tembe zake, na watu wa Tabora hawakuulizwa. Mwishoni mwa Julai 1890 Emin Pasha alifika na msafara wa Kijerumani. Hakuwa ameagizwa kwenda huko. Mwanzoni mwa Agosti alipatana na Waarabu, na masharti yake yalikuwa mepesi kwa mtu asiye na askari wengi: wakubali bendera ya Wajerumani, waachiwe dini yao na mambo yao, nao wamchague wali kutoka miongoni mwao. Walimchagua Seif bin Saad. Kwa hiyo katika siku lilipokwisha kuwa huru, baraza hilo lilifanya jambo ambalo halikupata kulifanya lilipokuwa huru, maana maliwali wote waliotangulia walitoka kwa Sultani. Wengi walifurahi, na si vigumu kuelewa. Wajerumani walionekana kama Isike mwingine aliye mbali, na mwenye mkono mrefu wa kumzuia Isike aliye karibu.

Isike hakukubali. Mwezi wa Januari 1893 Tom von Prince alilivamia boma lake, na mtemi, alipoona limevunjwa, akawasha ghala ya baruti. Wajerumani wakamweka Nyaso, mwanamke wa ukoo wa utawala, wakifuata mfano wa 1860 bila shaka pasipo kujua. (Jina la ukoo huo halikupotea: Chifu Abdallah Said Fundikira wa Unyanyembe alikuwa waziri wa sheria Tanganyika ilipopata uhuru katika 1961.)

Tangu hapo mashauri ya Tabora yalisikizwa bomani, mbele ya ofisa wa kituo, siku alizozitaja yeye. Wali aliketi kando, na wazee wa Kinyamwezi walisimama au walikaa chini. Wajerumani hawakupata neno la lugha yao kwa mkutano wa namna hiyo, wakalichukua la Kiswahili, wakaliandika kwa herufi zao, Schauri. Katika daftari zao neno hilo lina maana ya kesi inayosikizwa na mtu mmoja.